Jina Liliitwa, Nikasimama Mimi

Kwa msomaji anayenikuta leo njiani, nimpe mkono nimvushe kwa maneno machache. Naitwa Domina Ngonyani, mzaliwa wa Hanga, mkazi wa Msamala hapa Songea kwa shangazi yangu. Nina stashahada ya kilimo. Nina pia ugonjwa ambao hakuna hospitali inayoutibu: nikikalishwa mbele ya watu wa usaili, akili yangu inafunga duka na kuondoka na funguo.

Mara nne nimeitwa, mara nne nimeaibika.

Mara ya kwanza waliniuliza jina nikiwa bado namalizia sala moyoni. Nikajibu, "Amina." Walimtafuta Amina kwenye orodha yao dakika tano nzima, na mimi nimekaa nawatazama, nimeshindwa kuwasahihisha.

Mara ya pili nilikunywa maji ya mwenyekiti. Mara ya tatu waliniambia nijielezee, nikamwelezea kaka yangu Longino, bidii yake na tumbaku yake, mpaka wakasema huyo Longino akitaka kazi aje.

Mara ya nne ndiyo hiyo mliyoisoma wiki iliyopita. Nilijibu vibaya, nikaaga vizuri, nikafungua mlango kwa heshima zote, nikaingia stoo. Na kwa aibu nikabaki humo humo, kati ya mafagio na ndoo, nikingoja watu waende nyumbani.

Nikiwa humo stoo, simu ikawaka. Katika kundi la WhatsApp la wahitimu wa kilimo, mtu alikuwa ametuma picha ya karatasi. Kampuni ya mbegu ya Tuvune, ambako nami nilishapeleka maombi, inahitaji afisa ugani mmoja. Usaili Jumatatu, ofisini kwao Mfaranyaki. Majina sita. La mwisho: Ngonyani, Domina.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa tuendelee.

* * *

Shangazi Lidwina ni fundi cherehani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Nilipomwonyesha ile picha hakupiga vigelegele.

"Longino amepiga simu," alisema. "Vitalu vya tumbaku vimeshaanza. Anauliza mdogo wake mwenye cheti anarudi lini kumsaidia."

"Shangazi, mimi nimesomea ugani."

"Najua ulichosomea. Sijaona unachofanyia. Sikiliza, Domina. Hii ya Jumatatu nenda. Wakikuchukua, nitakuchinjia jogoo. Ukiingia stoo tena, Jumanne unapanda gari la Hanga."

Jogoo alikuwa pale pale anadonoa. Sijui kama alielewa, ila alituangalia.

Basi Shangazi akasema tufanye mazoezi. Akakaa nyuma ya cherehani kama ndiyo meza ya bosi, akavaa miwani, akanikazia macho.

"Jina lako?"

"Domina Ngonyani."

"Vizuri. Kwa nini tukuajiri wewe tusimwajiri mwingine?"

Nikaangalia ile miwani. Shangazi yangu huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifundisha kuvuka barabara. Lakini nyuma ya meza alikuwa mtu mwingine. Magoti yakaanza. Jasho likanitoka hadi kwenye viganja.

"Mwajirini tu huyo mwingine," nikasema.

Shangazi akavua miwani. "Mwanangu, huna ugonjwa. Una pepo."

Kilichotuokoa ni kicheko cha jirani. Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna mashine ya kusaga, na anayeiendesha ni Muhsini, Myao wa Tunduru, mtu mpole aliyejaa unga hadi kwenye kope. Alikuwa amesimama nje anapumzika, amesikia yote.

"Shikamoo Mama Lidwina," alisema. "Samahani nimecheka. Domina, wallahi nina dawa yako."

"Dawa gani?"

"Sauti. Wewe sauti yako imezoea kujificha. Njoo kesho mashineni. Pale ikishawaka, hata upige yowe la simba hakuna atakayekusikia. Piga kelele mpaka sauti yako iache kukuogopa."

Shangazi akasema, "Afadhali huko kuliko hapa. Hapa utanivunjia miwani."

* * *

Jumamosi asubuhi nikaenda.

Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake kama ishirini, wengine na ndoo, wengine na viroba, wanapiga soga za Jumamosi. Muhsini akanionyesha kona nyuma ya mashine, nikageukia ukuta, naye akawasha.

Jamani, mnazijua zile mashine. Ile ya Muhsini ikinguruma hata meno yanagongana. Nikajaribu kidogo kidogo.

"Naitwa Domina Ngonyani."

Hata mimi sikujisikia. Raha iliyoje! Nikapandisha.

"Naitwa Domina Ngonyani! Nina stashahada ya kilimo!"

Hakuna aliyegeuka. Nikapandisha tena. Nikafumba macho, nikakunja ngumi, nikauambia ule ukuta kila kitu nilichotaka kuwaambia watu wa usaili wa mikoa yote.

"NAITWA DOMINA NGONYANI! NINA UWEZO MKUBWA! MSINIANGALIE HIVYO! MIMI SI MWOGA! NIAJIRINI MUONE!"

Umeme ulikatika kwenye "mwoga".

Kwa hiyo "niajirini muone" ilitoka peke yake, ndani ya ukimya, kama kengele ya kanisani. Nikafumbua macho. Nikageuka polepole. Unga ulikuwa unatua hewani, na macho ya wanawake ishirini yalikuwa yametua kwangu.

Nikatafuta mlango. Muhsini alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huu unatokea nje kweli," alisema. "Lakini leo hupiti."

Wakaangua kicheko, na mimi nikatamani kujimwaga kwenye kinu nisagwe. Ndipo bibi mmoja aliyekaa juu ya kiroba chake, watu walimwita Bibi Tabu, akauliza bila kucheka:

"Mwanangu, umesema una uwezo mkubwa. Uwezo wa nini?"

"Wa... wa mahindi, bibi."

"Ahaa. Basi haya yangu yana nini?"

Akafungua kiroba, akachota konzi, akanimwagia mkononi.

Sijui nieleze vipi. Niliyaona, nikayanusa, na kila kitu kingine kikanitoka kichwani. Harufu ya ukungu ilikuwa wazi. Nikapasua punje mbili tatu, moyo wa punje umeshageuka rangi.

"Bibi, haya usiyasage."

"Niyafanye nini, na wajukuu hawajala?"

"Bibi, yana ukungu. Ukungu wa hivi unazaa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi hata ukipika ugali siku nzima. Inakwenda kukaa kwenye ini. Uliyahifadhi lini?"

"Mwezi wa saba. Niliyaanika wiki nzima!"

"Yalikuwa hayajakauka. Jua la mwezi wa saba hapa kwetu linadanganya, linawaka huku baridi inapuliza. Nani ana chumvi?"

Mmoja alikuwa ametoka dukani na pakiti. Muhsini akatoa chupa tupu ya soda, kavu. Nikaomba mahindi ya mama mwingine, aliyejisifu kwamba yake ni makavu, nikayatia ndani ya chupa, nikaongeza chumvi kavu, nikatikisa kwa nguvu, nikaiacha itulie.

"Angalieni pembeni ya chupa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isipoganda, weka ghalani ulale usingizi."

Chumvi iliganda kote kama umande. Mwenye mahindi akashika mdomo. Foleni nzima ikanisogelea, kila mmoja na konzi yake.

"Na dumuzi anayetoboa punje je?"

"Ile mifuko ya kuzuia hewa, ukiitoboa kidogo inaharibika?"

"Mume wangu anachanganya na majivu, ni sawa?"

Nilijibu. Nilikatalia wengine, nilibishana na mmoja, nilimcheka mwingine naye akanicheka. Mahindi ya Bibi Tabu tukayatenga, na wenzake wakamchangia kila mmoja bakuli moja moja mpaka ndoo ikajaa. Umeme uliporudi Muhsini akaenda kuwasha, mama mmoja akamkemea:

"Wewe Muhsini, zima kwanza! Hatujamaliza."

Walipoondoka, Muhsini akanikalisha juu ya debe.

"Unajua ni wakati gani uliacha kutetemeka?"

Nikafikiri. Kweli, nilikuwa nimeacha, wala sikujua lini.

"Ulipopewa mahindi ya yule bibi," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia magoti yako. Ukijifikiria wewe, unatetemeka kama kifuniko cha sufuria. Ukimfikiria mwenye shida, umepona. Jumatatu usiende kuomba kazi. Nenda kamtafute mwenye shida mle ndani."

Nililala Jumamosi, nililala Jumapili. Kwa mtu aliyezoea kukesha kabla ya usaili, hilo peke yake lilistahili jogoo.

* * *

Jumatatu Muhsini alinipeleka kwa pikipiki yake. Nilivaa suti ya kijani aliyonishonea Shangazi. Magoti yalikuwa yananong'ona kidogo, lakini hayakupiga kelele.

Kwenye benchi la nje tulikuwa tumebaki wawili. Wengine walishaingia na kutoka, majina yaliitwa moja moja kwa kufuata orodha. Mwenzangu alikuwa binti wa miaka kama ishirini na mitatu, ameshika bahasha ya kaki, ameikunja na kuikunjua hadi imelegea kama karatasi ya kufungia karanga.

"Shikamoo dada," alisema. "Choo kiko wapi?"

"Marahaba. Kile pale. Lakini si umetoka huko sasa hivi?"

"Nimekwenda mara tatu. Sijui nakwenda kufanya nini."

Nilimwangalia nikajiona. Mikono ile ile, jasho lile lile. Huruma ikanishika, nikamsogelea.

"Ni mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo. Dada, naona kama nitazimia."

"Huzimii. Ngoja nikusimulie mambo."

Nikamsimulia. Amina. Maji ya mwenyekiti. Longino. Nilipofika kwenye stoo alicheka hadi akaweka kichwa begani kwangu, na bahasha ikamponyoka. Nikamwambia na ya mashine ya kusaga, nikampa dawa ya Muhsini kama nilivyopewa.

"Una shida gani ya wakulima unayoijua vizuri?" nikamuuliza.

Uso wake ukawaka. "Mbegu za soya! Kwetu Litola nina kikundi, wanawake kumi na tisa. Tulianza na kopo moja la mbegu. Mwaka wa kwanza ndege walitumaliza, mwaka wa pili..."

"Unaona? Mbona hutetemeki sasa?"

Akaiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Akacheka tena.

"Mungu akubariki, dada. Unaitwa nani?"

"Domina."

"Acha! Na mimi Domina!"

"Domina nani?"

"Ngonyani."

Kicheko changu kilikatika kama umeme wa Jumamosi.

Kwetu Ungonini kina Ngonyani tumejaa. Ukirusha jiwe sokoni, atakayelia ni Ngonyani. Lakini kwenye ile orodha Domina Ngonyani alikuwa mmoja tu, na kwenye benchi tulikaa wawili.

Nikauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao mbovu. "Wewe uliitwaje kwenye usaili huu?"

"Alhamisi mama mmoja alinipigia kuhakikisha kama nitakuja. Kisha Ijumaa akanitumia ujumbe. Wewe hawakukupigia?"

Hapa ndipo ninapoanza kuungama, kwa hiyo naomba mnisome kwa moyo mzuri.

Hawakunipigia. Wala ujumbe. Sikuwa na chochote ila ile picha ya WhatsApp. Na nilijua pale pale, kabla hajafunga mdomo, kwamba aliyeitwa ni yeye.

Nikamjibu, "Mtandao wa Msamala unasumbua."

Mlango ukafunguliwa. Karani akatoa kichwa.

"Domina Ngonyani! Ingia."

Yule binti akainuka nusu, akaketi. Akainuka tena, miguu ikakataa. Rangi ilimtoka. Akanishika mkono.

"Dada, ni nani kati yetu?"

Nikasimama mimi.

"Kaa," nikamwambia. "Ngoja nikaulize."

* * *

Naapa kwamba nilipovuka kizingiti nilikuwa nakwenda kuuliza. Sentensi ilikuwa mdomoni, imeshavaa viatu.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Bi Shakila, mama wa makamo, ushungi wa buluu, sauti ya kutuliza mtoto. Kulia kwake Bwana Christopher, uso mkavu kama tarehe ya mwisho ya kulipa kodi. Wa tatu alikuwa akiandika tu.

"Karibu, Domina. Kaa, mwanangu," alisema Bi Shakila.

Na mimi nikagundua jambo la ajabu. Sikuwa natetemeka. Hata kidogo. Moyo wangu wote ulikuwa nje kwenye benchi, kwa yule binti, magoti yakasahau kazi yao.

Nikakaa. Nikajiambia, nitauliza mwishoni.

"Tueleze kidogo juu yako."

Nikajieleza mimi. Longino sikumtaja hata mara moja.

Bwana Christopher akaegemea mbele. "Umefika kijijini. Mkulima anakukatalia mbele ya wenzake. Anasema babu yake alilima bila wewe. Utafanyaje?"

"Nitamuuliza babu yake alilimaje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huenda alilima vizuri, baba. Na kwa sababu mtu akishamaliza kusimulia ya babu yake, anakuwa amechoka kukasirika. Hapo ndipo nitamwomba anionyeshe ghala."

Uso mkavu ukapasuka. Alicheka, jamani! Bi Shakila akacheka, hata mwandishi akainua kalamu. Wakaniuliza ya hifadhi, nikawaeleza ya chumvi na chupa. Wakaniuliza ya mbegu, nikajibu. Nilikuwa naelea. Miaka miwili nimekuwa nikimtafuta huyu Domina, kumbe alikuwa anangoja tu kualikwa.

Bi Shakila akafungua faili lililokuwa mbele yake, akatabasamu.

"Sasa tufike kwenye hasa kilichotufanya tukuite. Hebu tuambie juu ya wale wanawake kumi na tisa wa Litola."

Nikalitazama lile faili.

Ningeweza. Mungu anajua ningeweza. Kopo moja la mbegu, ndege wa mwaka wa kwanza, alikuwa amenihadithia dakika ishirini tu zilizopita. Mwaka wa pili ningetunga. Midomo yangu ilishafunguka.

Na magoti yakaanza. Kwanza la kushoto, halafu la kulia. Kiti kikaanza kugonga sakafu, tak tak tak, mpaka Bwana Christopher akaangalia chini.

"Mama," nikasema, "hao wanawake si wangu."

"Sijakuelewa."

"Ni wa Domina Ngonyani. Yuko nje kwenye benchi. Mimi ni Domina Ngonyani wa Hanga. Niliona jina kwenye orodha nikadhani ni mimi. Lakini pale nje nilishajua si mimi. Jina lilipoitwa yeye alishindwa kusimama kwa woga, nikasimama mimi. Nilimwambia nakuja kuuliza. Nikakaa."

Bwana Christopher alipiga kiganja mezani. "Yaani umeingia humu kwa jina la mtu?"

"Kwa jina langu, baba. Kwa nafasi ya mtu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Shakila akanyanyuka, akaenda kwenye rundo la mafaili sakafuni, yale ya walioachwa. Akapekua, akapekua, akachomoa moja.

"Domina Ngonyani. Hanga." Akasoma amesimama. "Alama zako nzuri sana. Tulikuacha kwa sababu hujawahi kufanya kazi popote."

"Ndiyo, mama."

Akalifunga lile faili. Nilitegemea anifukuze. Alisema tu, "Kamlete mwenzako."

* * *

Nikatoka mbio. Benchi lilikuwa tupu.

Nikaangalia chooni. Hakuna. Nikamkimbilia karani.

"Yule binti yuko wapi?"

"Ameondoka. Aliniuliza kama Domina Ngonyani ameshaingia, nikamwambia ndiyo, si umemwona? Akakaa hapo mlangoni kidogo, akasikia mnavyocheka huko ndani. Akasema basi, kumbe ni wewe, yeye hakuwa na bahati." Karani akakunja uso kukumbuka. "Akasema nikuambie umejibu vizuri sana. Anawahi gari la Tunduru, litamshusha Namtumbo."

Umejibu vizuri sana. Ningechapwa fimbo ingeniuma kidogo kuliko maneno hayo.

Bi Shakila alikuwa nyuma yangu, amesikia. Akamwambia karani apige simu ya yule binti. Karani akapiga, akaweka sauti tusikie wote: namba unayopiga haipatikani.

"Saa nane tunafunga zoezi," alisema Bi Shakila. "Nafasi ni moja. Mkija wawili nitawasikiliza wawili, mbele ya kila mmoja wenu, na atakayepata atapata kwa haki. Yeye akija peke yake nitamsikiliza yeye."

"Na mimi nikija peke yangu, mama?"

"Wewe ukija peke yako, usije."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi.

Muhsini alikuwa nje, amekaa juu ya pikipiki anakula muhogo wa kuchoma. Aliniona uso, akatupa muhogo.

"Umeingia stoo?"

"Mbaya zaidi. Stendi! Kimbiza!"

Njiani nilimwambia yote sikioni, nikipiga kelele kushinda upepo. Tulipofika akasema neno moja tu.

"Kamrudishe."

Gari la Tunduru lilikuwa limeshawashwa, limegeuzia pua kwenye lango la kutokea. Kondakta anapiga ubavu wake, twende twende. Nikaruka ngazi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Siendi popote. Namtafuta mtu."

"Basi shuka, tumechelewa!"

Sikumsikia. Mbele yangu kulikuwa na watu sitini, vichwa vimepangana mpaka nyuma, mizigo, watoto, leso, kofia za kiua. Watu sitini, na wote walinitazama. Mimi niliyeshindwa mbele ya miwani ya shangazi yangu.

Nikavuta pumzi ya mashineni.

"DOMINA NGONYANI! KAMA UKO HUMU, SIMAMA!"

Gari zima likanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa analia aliacha.

Kiti cha pili kutoka mbele, bibi mwenye rozari shingoni akajikongoja, akainuka. "Nipo hapa, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana bibi, kaa, samahani, si wewe."

Katikati, mama mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono. "Na mimi ni Domina Ngonyani. Nimefanya nini?"

Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama kuna zawadi ili na yeye awe Domina. Kondakta akanivuta mkono wa suti ya Shangazi. Dereva akapiga honi.

Ndipo kiti cha mwisho, dirishani, akasimama yeye. Bahasha ya kaki kifuani. Macho mekundu ya mtu aliyelia, lakini uso, jamani, uso ulikuwa unang'aa kwa ajili yangu.

"Dada!" aliita, sauti kubwa, bila kutetemeka hata chembe. "Wamekuchukua? Umepata kazi?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi mwenye rozari alikuwa ameshapiga kigelegele. Akadakia mama wa katikati. Gari zima likalipuka kwa makofi na hongera, watu nisiowajua wananishika mikono, hongera dada, hongera mwanetu, Mungu ni mwema.

Na katikati ya kelele hizo mlango ukafungwa nyuma yangu, na gari likatoka langoni kwenda Namtumbo, sisi wawili tukiwa ndani na saa nane ya Bi Shakila inakaribia.